Feni za seva: jinsi ya kuzikagua, kuzisafisha na kuzibadilisha kabla mashine haijazima

Kituo kimoja cha afya nilichokihudumia miaka ya nyuma kilikuwa na seva moja tu, ndani ya chumba chembamba nyuma ya mapokezi. Jumamosi usiku umeme ulikatika, jenereta ikawaka, baadaye umeme ukarudi. Seva haikutikisika kwa sababu ilikuwa kwenye UPS, yaani betri ya akiba. Kilichozima ni kiyoyozi, na kwa kuwa hakikuwa cha aina inayojiwasha yenyewe umeme ukirudi, kililala hivyo mpaka Jumatatu. Chumba kikapata joto, lakini joto lile peke yake lisingeiangusha mashine. Tulipofungua kifuniko tukakuta feni mbili kati ya sita zimesimama. Kumbukumbu za seva yenyewe zilionyesha kwamba moja ilikuwa imesimama kwa miezi, na hakuna mtu aliyejua. Wagonjwa walisubiri tangu saa moja asubuhi hadi saa sita mchana, majina yao yakiandikwa kwenye karatasi.

Tangu siku hiyo sijaichukulia feni kama kitu kidogo. Mwongozo huu ni kwa anayelea seva moja, mbili au tatu katika shule, zahanati, SACCOS, ofisi ya kata au kampuni ndogo. Vituo vikubwa vya data vina watu wa zamu na vipima joto kila kona. Wewe una bisibisi, brashi na Ijumaa jioni. Vinatosha, ukijua pa kutazama.

Na pa kutazama ni hapa: feni ya seva kwa kawaida haifi ghafla. Huanza kuchoka wiki nyingi kabla, na dalili zake husomeka. Kinachotuponza ni kwamba feni zilizobaki huficha ugonjwa wa mwenzao. Mashine ikihisi joto huzikimbiza zile nzima, joto linashuka, kazi inaendelea, na wewe unaona taa ya kijani. Akiba yote ya usalama inaliwa kimyakimya hadi siku kiyoyozi kitakapozima.

Kinachochakaa ndani ya feni

Feni ya seva ni mota ndogo ya volti 12 isiyo na kaboni. Mapanga yameshikana na kitovu chenye sumaku, na kitovu kinazunguka juu ya ekseli nyembamba iliyoshikwa na beringi. Koili za umeme huishi miaka mingi. Beringi ndiyo inayochoka.

Beringi ziko za aina mbili kuu. Ya kwanza ni bushi, yaani ekseli inazunguka ndani ya bomba dogo lenye utando wa mafuta. Ni ya bei nafuu na ina ukimya, ila joto hukausha mafuta yake. Ya pili ni ya gololi, ambayo hupiga kelele zaidi lakini huvumilia joto na hukubali kulazwa upande wowote, ndiyo maana feni nyingi za seva ni za gololi. Watengenezaji hutaja umri wa feni kwa saa, mara nyingi kati ya 50,000 na 70,000 kwenye joto la nyuzi 40. Saa 70,000 ni kama miaka minane ya kuzunguka bila kupumzika. Lakini soma maana yake vizuri: kwa kipimo kinachotumika sana, huo ni muda ambao feni 10 kati ya 100 huwa zimeshakufa. Si ahadi kwamba yako itafika. Na nyingi ya seva ninazokutana nazo zilishatumika nje miaka minne au mitano kabla ya kuuzwa huku, kwa hiyo feni zimekuja na nusu ya umri wao imeshaliwa. Ukinunua seva ya mtumba, hesabu feni kama vile unavyohesabu tairi za gari la mtumba.

Jambo jingine la kulijua ni uhusiano wa kasi na umeme. Hewa inayosukumwa huongezeka sambamba na kasi, ila umeme unaoliwa huongezeka kwa kasi kuzidishwa yenyewe mara tatu. Feni ikipanda kutoka asilimia 50 hadi asilimia 80 ya kasi yake, inakula umeme kama mara nne. Kwa hiyo vumbi linaloziba njia ya hewa unalilipia kwenye LUKU kila siku, mbali na kwamba unazichosha beringi zenyewe.

Hatua ya kwanza: pata vipimo vya siku njema

Huwezi kumjua mgonjwa kama hujawahi kumwona mzima. Kabla ya kugusa skrubu yoyote, andika hali ya mashine ikiwa katika kazi yake ya kawaida.

Seva nyingi zina kompyuta ndogo ndani yake inayosimamia joto na feni hata mfumo wa uendeshaji ukiwa umezimwa. Kwenye Dell inaitwa iDRAC, kwenye HPE ni iLO, na Supermicro wanaiita IPMI. Unaweza kuisoma kwa kivinjari, lakini kwenye Linux njia ya haraka ni programu ya ipmitool:

```
sudo ipmitool sdr type Fan
sudo ipmitool sdr type Temperature
sudo ipmitool sel elist
```

Amri ya kwanza inaonyesha kasi ya kila feni kwa mizunguko kwa dakika, ya pili joto la kila sehemu, ya tatu ni kumbukumbu za matukio. Hiyo ya tatu watu huisahau, na ndiyo iliyotuambia kule kituo cha afya kwamba feni ilisimama zamani. Kama mashine yako ni kompyuta ya mezani tu iliyopewa kazi ya seva, haitakuwa na IPMI. Weka lm-sensors, endesha `sensors-detect` mara moja, kisha tumia `sensors`.

Chukua daftari, la karatasi kabisa, libaki ndani ya chumba cha seva. Andika tarehe, saa, joto la hewa mbele ya mashine, joto la prosesa na kasi ya kila feni kwa namba yake. Fanya hivyo kila wiki, saa ileile, ili mzigo wa kazi ufanane. Ukitaka mashine ikusaidie, weka mstari huu kwenye faili `/etc/cron.d/feni`, itaandika yenyewe kila Jumatatu saa nne asubuhi:

```
0 10 * * 1 root (date; ipmitool sdr type Fan; ipmitool sdr type Temperature) >> /var/log/feni.log
```

Bado ningeomba uandike kwa mkono. Mkono unaoandika 7,200, 7,200, 7,100, 6,300, 7,200, 7,200 husimama wenyewe kwenye ile 6,300. Feni za aina moja zilizoamriwa kasi moja husoma karibu sawa. Moja ikibaki nyuma kwa tofauti kama hiyo wiki mbili mfululizo, beringi yake imeanza kukaza. Agiza nyingine leo, usingoje taa nyekundu.

Dalili ya pili ni feni zote kupanda pamoja wakati joto la chumba na mzigo wa kazi havijabadilika. Hapo ama njia ya hewa imeziba, ama feni moja haisukumi.

Kuna vitu viwili vinavyoweza kukupotosha. Seva nyembamba za 1U, yaani zenye kimo cha nafasi moja ya raki (fremu ya kupachika seva), mara nyingi hutumia feni pacha, rota mbili (seti mbili za mapanga) kwenye fremu moja, na rota ya mbele na ya nyuma husoma namba tofauti bila ugonjwa wowote. Linganisha za mbele kwa za mbele. Na mashine za HPE huonyesha kasi kwa asilimia badala ya mizunguko, hivyo kwenye hizo tegemea zaidi hali inayotajwa kwa kila feni na mwenendo wa joto.

Hatua ya pili: sikiliza

Simama nyuma ya raki dakika moja bila kusema na mtu. Sauti ya hewa inayopita ni ya kawaida. Mvumo unaopanda na kushuka kama mawimbi pia ni wa kawaida, hutokea feni mbili zikizunguka kwa kasi zinazokaribiana. Mlio wa "tik-tik-tik" wa haraka kwa kawaida ni waya au kipande cha plastiki kinachogusa mapanga. Mkwaruzo mzito kama kokoto kwenye sufuria ni gololi zimeharibika. Mlio mwembamba unaosikika mashine inapowashwa ikiwa baridi, halafu unapotea baada ya dakika chache, ni bushi iliyokaukiwa mafuta, na huo ndio watu huudharau kwa sababu unapotea.

Kimya nacho ni taarifa. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, na kwenye chumba cha seva ni kweli tupu. Ukiingia ukahisi leo pametulia kuliko jana, nenda moja kwa moja kwenye ipmitool.

Hatua ya tatu: kusafisha

Mashine iliyo kwenye chumba safi chenye kiyoyozi ifungue mara moja kwa mwaka. Iliyo karibu na barabara ya vumbi, au kwenye ofisi ambayo madirisha hufunguliwa, kila miezi mitatu. Ukanda wa pwani, Tanga, Unguja, Mombasa, ongeza tahadhari: vumbi la huko limebeba chumvi, na chumvi ikipata unyevu hupitisha umeme na kula viunganishi vya shaba. Hapo usiache vumbi likae hata kama ni kidogo.

Zana zenyewe si za gharama. Brashi laini ya kupakia rangi ya inchi moja, mpya, yenye nywele za asili. Blowa ya umeme ya mafundi wa kompyuta. Kitambaa kisichotoa nyuzi. Spiriti ya isopropili, ile ya asilimia 99 kama unaipata, kwani ya asilimia 70 ina maji mengi na inafaa kwa mapanga tu, si kwa viunganishi. Vijiti viwili vya mshikaki. Tepu ya karatasi na kalamu.

Usitumie kompresa ya fundi pancha. Nimeona watu wakibeba seva mpaka gereji. Tangi la kompresa ile lina maji na ukungu wa mafuta, na kile kinachotoka kwenye bomba hukaa juu ya madabodi na kugandisha vumbi lijalo. Mashine ya kufyonza vumbi ya nyumbani nayo iache, bomba lake la plastiki hujenga umeme tuli unaoweza kuua ramu bila alama yoyote ya nje.

Zima seva kwa utaratibu kutoka kwenye mfumo, si kwa kubonyeza swichi. Chomoa waya za umeme, na ninasema waya kwa wingi: seva nyingi zina pawasaplai mbili, na mtu akichomoa moja hudhani amemaliza. Kisha bonyeza kitufe cha kuwashia sekunde chache ili umeme uliobaki uishe. Itoe mashine nje ya chumba. Ukipulizia vumbi ndani ya chumba cha seva unalihamishia kwenye mashine ya jirani.

Gusa bati la kasha kabla ya kugusa chochote ndani, na rudia kila unapoondoka na kurudi. Toa plastiki inayoelekeza hewa juu ya prosesa, piga picha kwanza ujue ilivyokaa. Sasa toa feni moja moja, na kila unayoitoa bandika tepu yenye namba ya nafasi yake. Hili usiliruke. Ukizichanganya, daftari lako la wiki zote zilizopita linakosa maana, maana ile iliyokuwa inasoma 6,300 sasa iko nafasi nyingine.

Shika feni mkononi uitazame. Vumbi hujikusanya kwenye ukingo wa mbele wa kila panga, mstari wa kijivu kama ukoga, na uzito wake haulingani panga kwa panga. Feni inayozunguka mara 10,000 kwa dakika ikiwa na uzito upande mmoja inapiga beringi yake kila mzunguko. Ukiufuta mstari ule, mara nyingi unakuwa umeondoa mtetemo kabisa. Piga mswaki kwa brashi kavu kuanzia kitovuni kwenda nje, kisha futa kwa kitambaa kilicholoweshwa spiriti kidogo mno. Spiriti isifike kwenye kitovu, huyeyusha mafuta ya beringi.

Unapopuliza, zuia mapanga kwa kidole au kwa kijiti cha mshikaki. Hewa ya blowa inaweza kuizungusha feni kwa kasi kuliko iliyotengenezewa, na mota inayozungushwa hugeuka jenereta ndogo. Kama bado imechomekwa kwenye bodi, umeme huo unarudi huko. Utasikia mlio wa kupendeza kama filimbi, na hilo ndilo linalowavutia vijana kuiachia izunguke. Isiachiwe.

Sasa geukia hitisinki, lile bati la mapezi lililokaa juu ya prosesa. Upande unaotazamana na feni ndio utakuta blanketi la vumbi limeziba mapezi, wakati mwingine nene kiasi cha kushikika kwa vidole likatoka zima. Liondoe kwanza kwa mkono au brashi, kisha puliza kutoka nyuma kwenda mbele, kinyume na njia ya hewa, ili uchafu utoke ulikoingilia. Hitisinki yenyewe usiifungue kama joto la prosesa lilikuwa zuri. Ukiifungua, lazima ufute yote pesti ya zamani, ile inayopitisha joto kati ya prosesa na hitisinki, na kupaka mpya.

Pawasaplai usiifungue kabisa. Ndani kuna kapasita zinazoweza kubaki na umeme wa kuua muda mrefu baada ya kuchomolewa. Itoe ikiwa nzima, zuia feni yake kwa kijiti, puliza kutoka upande wa ndani kwenda nje.

Chunguza pia wadudu. Mjusi hupenda joto la pawasaplai, nyigu hujenga kiota cha udongo kwenye tundu lolote linalolingana na mwili wake, na sisimizi hufuata vipande vya chakula. Nafasi za kadi zilizo wazi nyuma ya kasha zifunikwe kwa vibati vyake.

Hatua ya nne: jaribio la kidole

Kabla ya kurudisha kila feni, isukume kwa ncha ya kidole. Nzima huzunguka na kupungua polepole. Feni kubwa za seva zina sumaku kali, kwa hiyo utahisi vituo vidogo vidogo ukizungusha taratibu, na hiyo si kasoro. Kasoro ni ikisimama ghafla sehemu ileile kila mara, ikikwaruza, au kitovu kikicheza ukikivuta mbele na nyuma kwa nguvu kidogo. Sogeza masikioni uisikilize inavyozunguka.

Je, mafuta yanasaidia? Kwa feni ya bushi, ndiyo, kwa muda. Bandua stika katikati ya kitovu, kama kuna kifuniko cha mpira kitoe, weka tone moja au mawili ya mafuta ya cherehani, rudisha na ubandike vizuri. Mafuta ya kupikia huganda yakawa gundi. WD-40 nayo si ya kazi hii, hukauka mapema na kuiacha bushi kavu kuliko ulivyoikuta. Feni ya gololi iliyozibwa haitiwi mafuta. Na kwa seva yenye kumbukumbu za wagonjwa au akiba za watu, mimi hutia mafuta kwa sababu moja tu: kuvuka siku chache huku feni mpya ikiwa njiani.

Hatua ya tano: kubadilisha

Soma stika ya feni kabla hujanunua. Unahitaji ukubwa, unene, volti, ampea na namba kamili ya modeli. Feni ya milimita 60 yenye unene wa 38 si sawa na ya 60 yenye unene wa 25, hata kama matundu ya skrubu yanaingiliana. Ampea ni kipimo cha haraka cha nguvu: kama ya zamani imeandikwa 1.5A na unapewa ya 0.2A, hiyo ni ya kompyuta ya mezani. Itazunguka vizuri, itapoza vibaya, kwa sababu kusukuma hewa kupita kwenye diski zilizobanana na mapezi ya hitisinki kunahitaji mgandamizo ambao feni tulivu haina.

Watu wengi huweka feni tulivu kwa kuchoshwa na kelele, na kwenye bodi za Supermicro kinachofuata ni cha kushangaza: zote zinanguruma, zinatulia, zinanguruma tena, bila kukoma. Sababu ni kwamba feni mpya inazunguka chini ya kiwango cha chini ambacho bodi inakiona salama, bodi inadhani imekufa na kuzikimbiza zote. Kama umehakikisha joto liko sawa kwa mzigo kamili, viwango hivyo hurekebishwa hivi:

```
sudo ipmitool sensor thresh FAN1 lower 100 200 300
```

Lakini hakikisha kwanza. Kushusha kiwango bila kupima joto ni sawa na kutoa betri ya king'ora cha moto kwa sababu kinapiga kelele.

Ukilazimika kuunganisha waya mwenyewe, jihadhari na rangi ya njano. Kwenye feni za waya tatu mpangilio wa kawaida ni nyeusi kwa hasi, nyekundu kwa volti 12, njano kwa kupimia kasi. Kwenye za waya nne za kufuata kiwango cha Intel, nyeusi ni hasi, njano ndiyo volti 12, kijani ni kupimia kasi na bluu ni amri ya kasi. Njano imebadilisha kazi. Na watengenezaji wa seva huwa na rangi na plagi zao wenyewe, kwa hiyo rangi isikutoshe, hakikisha kwa maltimita. Ushauri wangu ni kununua feni ya mashine hiyohiyo, yenye plagi yake, hata kama ya mtumba.

Seva nyingi za 2U, kama Dell PowerEdge R730, huruhusu kubadilisha feni mashine ikiwa inafanya kazi. Angalia rangi ya kishikio: kwenye Dell kilichoruhusiwa kutolewa mashine ikiwaka huwa cha rangi ya chungwa, kwenye HPE ni damu ya mzee. Cha bluu kinamaanisha zima kwanza. Hata inaporuhusiwa, kuwa na feni mpya mkononi kabla ya kufungua kifuniko, badilisha moja tu kwa wakati, na funga mara moja. Kifuniko kikiwa wazi hewa haipiti kwenye prosesa, inatokea juu.

Hapa kuna kosa ambalo nalikuta mara kwa mara: fundi anatoa feni iliyokufa, anaacha tundu wazi, anasema tano zilizobaki zitatosha. Hewa hufuata njia rahisi. Zile tano zinavuta hewa ya moto kutoka nyuma ipitie kwenye lile tundu irudi mbele, na izunguke hivyo ikipata joto kila duru. Kama huna feni mpya, rudisha iliyokufa mahali pake, au ziba nafasi ile kwa kibati chake. Feni iliyosimama huziba sehemu ya njia, na hiyo ni nafuu kuliko tundu.

Hakikisha pia mwelekeo. Fremu nyingi zina mishale miwili pembeni, mmoja wa hewa, mmoja wa mzunguko. Kama hakuna, hewa kwa kawaida hutokea upande wenye mihimili inayoshika mota. Ukanda mwembamba wa tishu ukiushika mbele ya seva unatakiwa kuvutwa ndani, na nyuma unatakiwa kupeperushwa nje.

Zikiwa sita za umri mmoja na moja imekufa kwa uzee, nyingine hazipo mbali. Mimi hununua mbili kwa pamoja, moja naiweka, moja inabaki kabatini kwenye mfuko wake.

Chumba chenyewe

Feni hazitengenezi ubaridi, zinahamisha hewa tu. ASHRAE, chama cha Marekani ambacho viwango vyake hutumiwa na vituo vya data duniani, hupendekeza hewa inayoingia kwenye seva iwe kati ya nyuzi 18 na 27. Pima mbele ya mashine, kwenye kimo cha mashine, si ukutani penye swichi ya kiyoyozi.

Raki isibanwe na ukuta. Acha nafasi nyuma ya mtu mzima kusimama na kufanya kazi. Nafasi tupu za raki zifunikwe, vinginevyo hewa ya moto ya nyuma hupita humo ikaingia tena mbele. Waya za nyuma zifungwe pembeni zisisimame mbele ya tundu la hewa. Ondoa maboksi ya katoni chumbani, hata yale ya seva yenyewe, kwani katoni hutoa nyuzi nyepesi zinazokamata kwenye mapezi. Viatu vibaki mlangoni. Chujio la kiyoyozi lioshwe kila mwezi, na kama umeweka sponji kwenye mlango wa raki, lioshwe pia, kwa sababu sponji lililojaa vumbi ni ukuta.

Halafu fanya jaribio ambalo lingeokoa kile kituo cha afya. Zima swichi kuu ya kiyoyozi, ngoja dakika tano, iwashe. Kikijiwasha chenyewe, vizuri. Kisipojiwasha, tafuta kwenye kitabu chake namna ya kuwezesha kipengele hicho, au mwite fundi akuwekee. Vilevile ulizia jenereta: mara nyingi seva imeunganishwa na kiyoyozi hakijaunganishwa, na hapo jenereta inakuwa inatengeneza joto tu.

Kuthibitisha kazi

Ukishafunga, usiondoke. Washa, ngoja mngurumo wa mwanzo utulie, soma feni zote. Kisha ipe mashine mzigo kamili wa dakika kumi, saa ambayo hakuna watumiaji:

```
stress-ng --cpu 0 --timeout 600
```

Kwenye dirisha jingine soma joto kila dakika. Linatakiwa kupanda, kisha kutulia mahali. Likiendelea kupanda bila kutulia, simamisha jaribio ufungue tena. Mara nyingi utakuta ile plastiki ya kuelekeza hewa haikukaa kwenye meno yake.

Weka pia taarifa za kukufikia mwenyewe. iDRAC, iLO na IPMI zote zinaweza kutuma barua pepe feni ikipata hitilafu, na Zabbix, programu ya kufuatilia mashine, inaweza kuzisoma zote mahali pamoja. Jaribu taarifa hiyo kwa kutuma ya majaribio, na itume kwa watu wawili, maana mmoja huenda likizo.

Mwisho futa kumbukumbu za zamani kwa `ipmitool sel clear`, ukishazinakili, ili tukio lijalo lisimame peke yake. Andika kwenye daftari tarehe, feni iliyobadilishwa, namba ya nafasi, joto la juu kabisa la jaribio na jina lako. Kwenye fremu ya feni mpya bandika kipande cha tepu chenye mwezi na mwaka, upande unaoonekana kifuniko kikifunguliwa.